Kiti cha Mbele cha Nyigu

Verna Sedlak aliendesha Nyigu kwa karibu miaka ishirini bila kuipanda hata mara moja. Bustani nzima ya michezo ilijua hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Duane Pruitt, aliyefanya naye kazi muda wote huo, alikuwa akisema kwamba hata yule anayeuza majeneza pale mjini hajawahi kulala ndani ya moja.

Nyigu ni treni ya chuma ya kuburudisha watu. Imebanwa kwenye kipande kidogo cha ardhi kati ya ziwa na ukumbi wa dansi wa zamani, na kwa kuwa walioijenga hawakuwa na nafasi ya kuitandaza, waliikunja. Mnyororo unakuvuta mpaka juu na kukuachia. Unaporomoka, unapinduliwa kichwa chini kwenye kitanzi kimoja kikubwa, unasokotwa mara mbili kama nguo inayokamuliwa, halafu unajikuta umerudi kituoni na kelele zako bado ziko mdomoni. Reli zake ni za njano, nguzo nyeusi. Kwetu huku, watu ambao baba zao walifanya kazi kwenye tanuri za chuma kabla kiwanda hakijafungwa, hawaiamini kwa macho tu. Wakiwa kwenye foleni huzigonga nguzo kwa pete zao za ndoa na kusikiliza. Sauti ikiwaridhisha, wanapanda.

Mume wa Verna, Emil, ndiye aliyekuwa fundi wa Nyigu. Kila asubuhi kabla ya wageni kuingia alipanda ngazi za pembeni ya mnyororo na spana mkononi, na Verna alikaa chini kwenye kibanda cha kuongozea, akimfuata kwa macho mpaka ashuke. Hapo tu ndipo alipokunywa kahawa yake. Siku hizo alikuwa mwanamke wa maneno mengi na wasiwasi mwingi. Kila treni aliyoiachia aliisindikiza kwa shingo mpaka irudi, mkono mmoja umeshika tumbo. Emil alimtania kwamba angeweza kuajiriwa na kampuni ya bima.

Emil alifariki Februari, kwenye maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi, ameketi ndani ya pikapu yake na injini inanguruma. Aliyemkuta alidhani anasikiliza redio.

Wanawake wa kanisa walimletea Verna tambi za kabichi na soseji, na maandazi yaliyojazwa viazi, trei baada ya trei. Alikihifadhi chakula, akakila kidogo kidogo, akaziosha trei zote na kumrudishia kila mtu ya kwake. Hakulia kanisani. Hakulia makaburini, ambako ardhi ilikuwa imeganda mpaka wachimbaji wakaleta mashine. Watu walisema kwamba ni mshtuko, utapita. Machi ikaisha, na Aprili, na Verna akawa vilevile: anajibu akiulizwa, anakula akiwekewa, anacheka pale wengine wanapocheka, ila akichelewa kidogo.

Nilianza kazi Nyigu majira yale ya kuchipua, nimemaliza chuo na sina pa kwenda. Niliwekwa upande wa kushoto wa jukwaa, Duane alikuwa kulia. Duane aliniita msomi tangu siku ya kwanza.

"Msomi, chuo walikufundisha kufuta viti?"

"Hapana."

"Basi walikudhulumu. Shika tambara."

Tulikuwa tunafuta viti, wiki ile ya majaribio, treni ilipokuwa ikizunguka na mifuko ya maji badala ya watu, pale Ricky Tarnow alipokuja. Babu yake ndiye aliyeanzisha bustani, na sasa yeye ndiye meneja. Verna alimjua tangu akiwa anakojoa kwenye bwawa la watoto. Ricky alisimama mlangoni pa kibanda, kofia mkononi.

"Bi Verna, nina jambo."

"Liseme, mwanangu. Ukikaa nalo litakuotesha kipele."

Utani wake ulikuwa bado unatoka, kama maji yanayobaki kwenye bomba baada ya kufungwa kule mwanzoni. Uso haukushiriki.

"Jumamosi tunafungua," Ricky alisema. "Kuna kile kiti cha mbele."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Siku ya ufunguzi, mbele ya watu wote, treni ya kwanza ya kila mchezo hupandwa na wale wanaouendesha, na mwenye kushika vitufe hukaa kiti cha mbele kabisa. Babu yake Ricky aliiweka desturi hiyo baada ya mwanamke mmoja kumuuliza, mbele ya gazeti, kama yeye mwenyewe angepanda madude yake. Tangu hapo, asiyekaa kiti cha mbele siku ya ufunguzi hashiki vitufe mwaka ule. Kwa upande wa Nyigu, kiti hicho alikaa Emil. Baba yake Ricky aliamua kwamba mume na mke wanaofanya kazi mchezo mmoja wahesabiwe mtu mmoja, na kila mwaka Emil alipanda akipunga mikono yote miwili, huku Verna akiwa amefumba macho kule chini.

"Najua," Verna alisema.

"Watu watatazama. Kiti kikiwa kitupu watauliza. Na mimi sitaki kuwa mtu wa kwanza kwenye ukoo kuvunja ile desturi, unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Ama ukae wewe, ama nimweke Duane kwenye vitufe, nawe uende kule kwenye chipsi. Chipsi si adhabu, Bi Verna, usinielewe vibaya. Kuna kiti. Kuna feni."

"Kuna na chipsi," Duane alisema, bila kuinua kichwa.

"Nimekaa hapa tangu wewe hujaota ndevu," Verna alimwambia Ricky. Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Mikono yangu inajua pa kukaa hapa. Nyumbani haijui. Naiweka mezani, naiondoa. Usinitoe hapa."

"Sikutoi. Panda tu mara moja. Ni dakika mbili."

"Hazifiki."

"Unaona? Hazifiki hata."

"Nitakwambia Jumamosi."

Ricky aliondoka akiwa amesahau kuvaa kofia. Duane aliegemea kiti alichokuwa akikifuta.

"Shemeji, mimi kile kibanda sikitaki. Makalio yangu ni ya jukwaani."

"Hakuna aliyekuuliza makalio yako."

"Nasema tu. Lakini na wewe nakujua. Ulitapika kwenye bembea."

"Ilikuwa bembea ya kuzunguka."

"Ilikuwa ya watoto wa miaka mitatu, shemeji! Emil mwenyewe alituambia. Kitoto kimekaa pembeni yako kinakupangusa mdomo kwa kitambaa chake cha kifuani!"

Nilicheka. Verna naye akacheka, baadaye kidogo.

Usiku wa Ijumaa mvua ilinyesha, lakini Jumamosi palikucha pakiwa pakavu na baridi. Bendi ya shule ya sekondari ilipiga tarumbeta, padri akanyunyiza maji kwenye lango, na watu wakasambaa kila mmoja kwenye mchezo aupendao. Waliokusanyika Nyigu walikuwa wengi kuliko kawaida. Wote walikuwa wamesikia. Walisimama nyuma ya uzio wamevaa makoti, wameshika vikombe vya kahawa, na wengi wao ndio waliobeba jeneza la Emil au kumpikia mjane wake. Hawakuja kwa ubaya. Walitaka kumwona akiweza.

Ricky mwenyewe aliingia kibandani kushika vitufe. Verna alitoka, akavua miwani, akaifunga ndani ya leso, akaitia mfukoni. Alienda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele na kukaa. Mimi nikaketi pembeni yake, maana sisi wa jukwaani nasi hupanda, na Duane akajibana nyuma yetu huku akiguna.

"Shemeji, ukitaka kushuka, sema. Nitajifanya mimi ndiye niliyeugua."

"Vuta chuma chako, Duane."

Vyuma vya mabega vilishuka vikafungwa. Treni ikaondoka na mnyororo ukatunasa kwa chini, tak, tak, tak. Moyo wangu ulianza kwenda mbio kabla hatujafika nusu. Niligeuka kumtazama Verna. Alikuwa amekaa kama mtu aliye kwenye chumba cha kungojea daktari wa meno, zamu yake ikiwa bado mbali. Mikono ilikuwa mapajani. Hakushika kitu.

Tulifika juu. Kwa sekunde chache treni huning'inia pale, na unaliona ziwa lote, na mabomba ya moshi ya kiwanda cha zamani upande wa pili wa mto.

"Gati linahitaji rangi," Verna alisema.

Halafu tukaanguka. Mimi nilipiga kelele mpaka koo likawasha. Duane nyuma alikuwa akiita jina la mama yake. Kwenye kitanzi, dunia ilipokuwa juu yetu na mbingu chini, niliona nywele za Verna zimesimama na shavu lake limevutwa kando na upepo, na macho yake yako wazi, yanatazama mbele tu. Tukasokotwa, tukasokotwa tena, breki zikatushika, tukaingia kituoni.

Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja alikuwa analia. Duane alimshika Verna mabega kutoka nyuma na kumtikisa.

"Shemeji! Umeona?"

"Nimeona."

"Ehe? Ikoje?"

"Gati limechakaa. Upande wa boti ndogo."

Duane alicheka mpaka akaketi chini. Kufika mchana ile habari ilikuwa imezunguka bustani nzima: Verna Sedlak amepinduliwa kichwa chini na alichokiona ni rangi ya gati. Walisema mwanamke ana moyo wa chuma, chuma chenyewe cha hapahapa, si kile cha siku hizi. Ricky alimpa mkono, akamwambia kibanda ni chake mpaka mwenyewe achoke. Verna alisema asante. Alitoa miwani kwenye leso, akaifuta, akaenda kukaa.

Nilidhani kama wengine wote. Nilidhani ni ushujaa.

Kazi ya Nyigu ni nyepesi kuieleza. Wageni wanaingia, wanakaa. Mimi natembea upande wangu nikivuta kila chuma cha mabega kuhakikisha kimefunga, Duane anafanya hivyo upande wake. Nikimaliza narudi nyuma ya mstari mwekundu na kuinua dole gumba. Duane anainua lake. Aliye kibandani anaangalia kushoto, anaangalia kulia, akishaona madole yote mawili anabonyeza. Mashine inajua kama vyuma vimefunga. Haijui kama kuna mtu amesimama vibaya. Hiyo ni kazi ya macho ya aliye kibandani, na Nyigu ni ya zamani, haina kitu kingine cha kumsaidia.

Wakongwe wa bustani walinisimulia jinsi Verna alivyokuwa zamani: anaangalia kushoto, kulia, kushoto tena, na bado anamwuliza Duane kwa kipaza sauti, "Hilo ni dole au unajikuna?" Foleni ilikuwa ikimzomea kwa kuchelewa. Mwaka huu hakuna aliyemzomea. Treni zilitoka kwa mfululizo mzuri, na Ricky alifurahi.

Siku ya pikiniki ya mji wetu ilikuwa katikati ya Juni. Shule zimefungwa, kila familia imekuja na masanduku yake ya barafu na bibi zake, na foleni ya Nyigu ilifika mpaka kwenye ukumbi wa dansi. Nilimaliza upande wangu, nikarudi nyuma ya mstari, nikainua dole. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke mnene, mchangamfu, aliyekuwa akipiga kelele kwamba ndala yake imedondoka kati ya treni na jukwaa.

"Acha, mama, utaipata ukirudi," Duane alimwambia.

"Ni ya dada yangu! Ataniua!"

"Haya, haya. Usife kwa ajili ya ndala."

Duane alipiga magoti. Alitia mkono kwenye ule mwanya, mpaka kwenye kiwiko.

Treni ikaondoka.

Sikuwahi kumwona mtu mkubwa kama Duane akienda haraka namna ile. Alijirusha nyuma na kuanguka chali, mkono ameukumbatia kifuani, na mabehewa yakampita karibu na viatu vyake, na yule mwanamke mnene akiwa anacheka na kupunga mkono, hajui lolote. Duane alinyoosha vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwepo vyote. Ngozi ya kiwiko ilikuwa imechubuka na damu kidogo inatoka.

Niligeuka kuelekea kibandani. Verna alikuwa anatazama. Alikuwa amemwona, hilo lilikuwa wazi usoni kwake, na alikuwa ameketi vilevile, kidole bado kiko juu ya kitufe.

Treni ikarudi. Duane alisimama, akawashusha wageni, akampa yule mwanamke ndala yake.

"Mwambie dada yako namdai kiwiko," alisema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Halafu akafunga mnyororo wa lango la foleni na kuwatangazia watu wangoje kidogo. Tukaenda kibandani wote wawili.

"Shemeji," Duane alisema. "Haikuwa kitu. Mimi ndiye mjinga niliyepiga magoti. Kwenye mafunzo wanasema usipige magoti."

"Sikuona dole lako," Verna alisema.

"Sikuliinua."

"Nililiona la huyu binti, nikabonyeza. Halafu nikakuona uko chini. Nikajiambia, mkono wa Duane uko pale." Alimtazama Duane kiwikoni. "Basi. Ni hivyo tu nilivyojiambia. Kama vile nimeona gari la mtu limeacha taa zinawaka."

"Umechoka."

"Sijachoka. Nalala vizuri sana." Aliondoa kidole kwenye kitufe na kuweka mkono juu ya paja. "Zamani treni ikitoka, tumbo lilikuwa linanikamata. Kila treni, Duane. Mpaka irudi. Nilidhani ni udhaifu wangu, nikawa naona aibu. Siku ile ya ufunguzi nilipanda nikilingoja. Nililingoja kwenye mnyororo. Nililingoja kichwa chini. Halikuja. Mkashangilia."

Duane akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Emil angekuwa—"

"Emil hayupo," Verna alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayetaja siku ya wiki.

Alichomoa ufunguo wa meza ya vitufe na kumpa. Duane alirudisha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto anayekataa dawa.

"Siutaki."

"Wewe umetetemeka. Bado unatetemeka, hebu jiangalie. Shika."

Akaushika.

Ricky alikuja mbio, ameshasikia. Alimkuta Verna amesimama nje ya kibanda na mkoba wake begani. Alimwambia kwamba hakuna aliyeumia, kwamba hakuna haja ya kuamua leo, kwamba kiti ni chake, alikilipia mbele ya mji mzima.

"Ulipanda, Bi Verna. Wenzako wengi wasingethubutu."

"Kupanda kulikuwa rahisi, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe."

"Sasa mimi niwaambie nini watu, na Duane hakukaa kiti cha mbele?"

"Waambie nipo kwenye chipsi. Ulisema kuna feni."

Alishuka ngazi za jukwaa akishikilia reli ya mkono, akapita kando ya foleni. Watu walimpisha na kumsalimia kwa jina, naye akawaitikia mmoja mmoja. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akigonga nguzo kwa pete yake. Verna alipita bila kugeuza kichwa.

Nilienda kununua chipsi mwishoni mwa wiki ile. Kibanda kiko nyuma ya bembea, huwezi kuiona Nyigu kutoka pale, unaisikia tu. Alikuwa amevaa aproni ya kijani na kofia ya karatasi, anamenya viazi kwa kasi, maganda yanaanguka kwenye ndoo. Feni ilikuwepo kweli. Aliniwekea chipsi kwenye kikombe cha karatasi, akamimina siki bila kuniuliza, akaongeza chumvi.

"Duane anaendeleaje?"

"Anachelewesha treni. Watu wanamzomea."

"Anaangalia pande zote mbili?"

"Mpaka anakera."

Treni ilipita kule nyuma na kelele za watu zikaja, zikaisha. Verna alikuwa ameshika kiazi kilichomenywa nusu. Alisubiri kidogo, uso umeinama, mkono wa pili tumboni, kama mtu aliyegonga mlango na hajui kama wenyeji wapo. Kisha akaendelea kumenya.

"Haya, kula kabla hazijapoa," aliniambia, na kumgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.